Jinsi ya Kupata Umri wa Mwamba wa Volkeno kwa Arigoni: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Rungwe, Mbeya na Iringa

Barabara ya kutoka Uyole kushuka Tukuyu hadi Kasumulu imepita juu ya lava na majivu ya volkeno karibu njia nzima. Wanafunzi wa jiolojia wanaokuja kwa mazoezi, walimu wa jiografia, hata wagonga kokoto wa kando ya barabara, wote huuliza swali lilelile: mawe haya yana umri gani? Jibu lipo, na kwa miamba ya volkeno njia kuu ya kulipata ni kupima gesi ya arigoni iliyonaswa ndani ya jiwe lenyewe. Mashine za kupimia ziko mbali na sisi. Hata hivyo nashikilia kwamba ubora wa jibu huamuliwa huku huku kwetu, kwenye mwamba, siku unapoinua nyundo. Hakuna maabara inayoweza kuliponya jiwe bovu. Kwa hiyo nitakaa sana uwandani, kisha nikupeleke maabara kiasi cha kukuwezesha kuisoma ripoti yako bila kumtegemea mtu.

Kwanza elewa unachopima

Miamba ya moto, yaani ile iliyotokana na magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) kupoa na kuganda, ina potasiamu, mingine nyingi, mingine kidogo. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo, asilimia 0.0117 tu ya atomi zake, ni potasiamu-40, ambayo huoza polepole. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuoza, ni miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi 100 zinazooza, takriban 89 hugeuka kalsiamu-40 na takriban 11 hugeuka arigoni-40. Kalsiamu hiyo haitusaidii, kwa sababu jiwe limejaa kalsiamu ya kawaida ya aina hiyohiyo. Arigoni ndiyo yenye faida: ni gesi isiyoshikana na kitu chochote, na magma ikiwa bado ya moto hutoroka. Lava ikishaganda, arigoni inayozaliwa humo hukosa pa kutokea.

Kwa hiyo umri utakaoletewa ni muda uliopita tangu jiwe lipoe kiasi cha kuizuia arigoni isitoke. Lava iliyomwagika juu ya ardhi hupoa upesi, hivyo umri huo ndio umri wa mlipuko. Granaiti iliyopoa taratibu kilomita nyingi chini ya ardhi ni habari nyingine, na nitairudia hapa chini maana ndipo wengi wanapopotea.

Wanasayansi Aldrich na Nier walithibitisha mwaka 1948 kwamba arigoni-40 kweli hujikusanya katika madini ya kale yenye potasiamu. Nchini kwetu njia hii ilipata umaarufu mwaka 1961, Leakey, Evernden na Curtis walipotangaza kwamba tabaka la chini la Olduvai lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Siku hizo walitumia njia ya potasiamu-arigoni, ambayo sampuli hugawanywa mara mbili: fungu moja hupimwa potasiamu, jingine hupimwa arigoni. Mwaka 1966 Merrihue na Turner walieleza njia bora zaidi, ya arigoni-40 kwa arigoni-39. Sampuli hupigwa nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia, sehemu ya potasiamu-39 ikageuka arigoni-39, na hapo potasiamu na arigoni zikapimwa pamoja, katika gesi ileile, kutoka punje ileile. Mwongozo huu unafuata njia hii ya pili.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kushika nyundo

Kaa chini uandike sentensi moja: "Nataka kujua lini lava hii ilimwagika," au "Nataka kujua lini mwamba huu ulipoa." Kisha jiulize kama arigoni inaweza kujibu.

Kwa lava na majivu ya Rungwe, Uporoto na bonde la Songwe, jibu ni ndiyo. Cynthia Ebinger na wenzake walitumia njia hizi katika kazi zao za mwaka 1989 na 1993 juu ya volkeno za Rungwe na bonde la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na ndizo zilizotupa tarehe za hadi takriban miaka milioni 8.6. Mwaka 2012 Eric Roberts na wenzake walionyesha kwamba majivu ya volkeno katika bonde la Rukwa yanafika miaka milioni 25. Ukiona fonolaiti au trakaiti, miamba ya volkeno ya rangi hafifu kuliko basalti, yenye fuwele kubwa za sanidini, furahi. Sanidini ni feldispa yenye potasiamu nyingi, na hakuna dini (yaani aina moja ya madini) la volkeno linalotoa majibu mazuri kuliko hilo. Basalti nyeusi nayo inafaa, ila potasiamu yake ni ndogo na inadai uangalifu mkubwa wa kuchagua.

Kwa pumisi, yaani mawe mepesi ya volkeno yaliyojaa matundu, iliyotanda kuzunguka Mlima Rungwe, ile ya mlipuko mkubwa wa takriban miaka 4,000 iliyopita, usianze na arigoni. Katika miaka elfu chache arigoni inayozaliwa ni kidogo mno. Tafuta mkaa au udongo mweusi wa kale chini ya pumisi, upime kwa kaboni-14. Sisemi kwamba haiwezekani kabisa: mwaka 1997 Renne na wenzake walipima sanidini ya mlipuko wa Vesuvius ulioifunika Pompeii mwaka 79, wakapata miaka 1,925, kosa la kipimo likiwa 94, ilhali muda halisi ulikuwa miaka 1,918. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ilitegemea sanidini safi yenye potasiamu tele, na kazi kama hiyo haianzwi na basalti. Lava ya Kyejo iliyotoka karibu mwaka 1800, ambayo habari zake zimefika kwetu kwa masimulizi ya wazee, haipimwi ili kujua umri. Ukiipima, iwe kwa kusudi la kuangalia kama lava za eneo hilo zina arigoni ya ziada, maana hapo umri unajulikana tayari, na chochote kinachozidi kimetoka kwingine.

Kwa karbonataiti (mwamba wa magma uliojaa kaboneti) ya mlima Panda, karibu na Mbeya, mika yake ya kahawia iitwayo flogopaiti inafaa kupimwa. Ni mwamba wa zama za Kretasia, wa miaka zaidi ya milioni 100.

Sasa Iringa. Mawe makubwa kama Gangilonga pale mjini, na granaiti na naisi (mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo) zilizotapakaa kuelekea Mafinga, ni ya kale sana, na baadhi yamepitia joto kali zaidi ya mara moja. Kila dini lina kiwango chake cha joto ambacho likiwa juu yake arigoni hutoroka: honiblendi (dini jeusi) ni takriban nyuzi 500 za Selsiasi au zaidi kidogo, baiotaiti (mika nyeusi) takriban nyuzi 300. Mwamba ukiokwa upya baada ya mabilioni ya miaka, baiotaiti hupoteza arigoni yake yote na kuanza kuhesabu upya. Ukipima baiotaiti ya granaiti ya kale ukapata miaka milioni mia tano na kitu, usiandike kwamba granaiti ilizaliwa hapo. Umepata lini ilipoa mara ya mwisho. Kuzaliwa kwake kutafute kwa kupima urani na metali ya risasi katika fuwele za dini liitwalo zikoni. Arigoni itakusaidia kusimulia kilichofuata.

Hatua ya 2: Vibali na watu

Usipite njia ya mkato hapa. Mlima Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa chini ya TANAPA. Katika maeneo hayo hupigi jiwe bila ruhusa ya maandishi. Mtafiti anayetoka nje ya nchi anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kusafirisha sampuli za miamba nje ya nchi kunahitaji idhini, hivyo onana mapema na ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa uliko. Usisubiri mpaka mawe yako kwenye boksi.

Kisha nenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wakijua unachofanya, kazi inakwenda. Watu wa huku wamezoea kuona wageni wenye nyundo wakitafuta dhahabu au makaa, kwa hiyo usiposema watasema wenyewe. Mazungumzo hayahitaji kuwa marefu:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Hilo jiwe lina nini, mbona mnaligonga?"
"Halina dhahabu, mzee. Tunataka kujua mlima ulilipuka lini."
"Basi twende mtoni, huko liko zima. Hapa juu limeoza lote."

Na mara nyingi mzee anakuwa sahihi.

Daraja la Mungu pale Kiwira usiliguse hata kwa kipande kidogo. Lava hiyohiyo utaipata mtoni mita kadhaa mbele.

Hatua ya 3: Kutafuta jiwe zima

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili.

Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Mvua hiyo inayonenepesha migomba na chai ndiyo inayooza mawe. Maji hupenya kwenye nyufa, feldispa hugeuka udongo wa mfinyanzi, potasiamu huoshwa, arigoni hupotea. Basalti nyingi za juu ya ardhi zimemenyeka kwa nje kama maganda ya kitunguu, ndani kukabaki kiini kigumu cha kijivu. Kiini hicho ndicho unachokitaka, na hata hicho mara nyingine kimeshaanza kuharibika.

Kwa hiyo acha vilima vyenye udongo mwekundu, nenda mahali ambapo mwamba umefunuliwa karibuni au unasuguliwa kila siku. Mahali hapo ni pa aina tatu: kitako cha mto (Kiwira na Mbaka ni nzuri sana wakati wa kiangazi), ukuta wa barabara uliochongwa na mitambo, na machimbo ya kokoto. Kwenye machimbo zungumza na wagonga kokoto. Wanajua kwa mkono wao ni tabaka lipi linalovunjika kwa shida na lipi linalopukutika, na hilo linalowapa shida ndilo lako. Ukichukua jiwe walilokwisha kulivunja, lipa. Ni jasho la mtu.

Ukifika, fanya majaribio haya kwa mpangilio.

Gonga. Jiwe zima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Jiwe lililooza hutoa mlio mzito, na nyundo huzama.

Vunja, uangalie uso mpya juani kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Basalti zima ni nyeusi au kijivu yenye ukijani hafifu wa dini la olivini hapa na pale, na ukiizungusha taratibu vijiti vidogo vya feldispa vinametameta kimoja baada ya kingine. Ukiona ukungu wa kahawia, au feldispa imekuwa nyeupe kama chokaa na haimetameti tena, tupa. Angalia pia olivini: ikiwa bado ya kijani cha kioo, dalili nzuri, ikiwa imegeuka wekundu wa kutu hadi katikati, maji yameshapita humo.

Chunguza matundu. Lava nyingi za Rungwe zina matundu yaliyoachwa na mapovu ya gesi. Matundu matupu hayana neno. Yakiwa yamejazwa kitu cheupe, dondoshea tindikali ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali. Kikitoa povu ni kalsaiti, na kisipotoa huenda ni zeolaiti. Vyote viwili viliingia baada ya lava kupoa, vyote vinaharibu hesabu. Sogea katikati ya tabaka la lava, ambako mapovu ni machache na mwamba umeshikana.

Tafuta wageni ndani ya jiwe. Magma ikipanda hubeba vipande vya miamba ya kale, na chini ya Rungwe miamba hiyo ni ya ukanda wa kale uitwao Ubendi, yenye takriban miaka bilioni 2. Kipande kidogo cha naisi ya umri huo ndani ya lava ya miaka laki chache kinaweza kuongeza umri kupita kiasi. Punje chache za wageni zikichanganyika na fuwele zako zinatosha kuharibu kila kitu. Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye majivu na pumisi, kwa sababu mlipuko hubomoa kuta za njia yake na kutupa mabaki pamoja na magma. Katika majivu, ni afadhali kuokota vipande vya pumisi vikubwa kama ngumi, kimoja kimoja, kuliko kuchota majivu kwa koleo.

Mwisho, angalia kilicho juu na kilicho chini. Mahali pazuri kuliko pote ni pale ambapo lava moja imelala juu ya nyingine, katikati kukiwa na mstari wa udongo wa kale uliookwa hadi ukawa mwekundu wa tofali. Udongo ule unathibitisha kwamba kati ya mlipuko na mlipuko muda ulipita, hata mimea ikaota. Chukua sampuli ya lava ya juu na ya chini. Majibu yakirudi, ya juu lazima iwe changa. Isipokuwa hivyo, una tatizo, na ni heri umelijua kwa ushahidi wa macho yako kuliko kulibishania baadaye kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Kuchukua na kuandika

Kilo 2 hadi 3 kwa sampuli zinatosha. Maabara itatumia miligramu tu, lakini inatakiwa kuchagua kutoka kwenye kitu. Ondoa maganda yote palepale, ubaki na vipande safi vya ukubwa wa ngumi. Weka kwenye mfuko mgumu, andika namba kwa maka peni juu ya mfuko, juu ya jiwe lenyewe, na kwenye karatasi ndani ya mfuko. Mifuko hulowa, wino hufutika, mawe huchanganyika kwenye buti la gari. Namba tatu si nyingi.

Daftarini andika viwianishi vya GPS na mwinuko, jina la kijiji na mto kama wenyeji wanavyoliita, unene wa tabaka, umbali wa sampuli kutoka juu na chini ya tabaka, na ulichokiona kwa lenzi. Piga picha mbili: moja ya karibu yenye nyundo au kalamu ya kupimia ukubwa, nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta mzima. Chukua kipande kimoja cha ziada kisichosagwa kamwe. Hicho ni ushahidi.

Hatua ya 5: Kipande chembamba, kisha punje

Kabla ya kutumia hata shilingi ya maabara, katisha kipande chembamba cha milimita 0.03 na ukiangalie kwa hadubini. Idara za jiolojia za vyuo vikuu vyetu zina vifaa hivyo. Hadubini itakuonyesha uozo ambao lenzi haikuuona: kioo kilichogeuka udongo, nyufa zilizojaa kalsaiti, feldispa zenye kingo zilizolika. Kama una sampuli kumi na hadubini ikakataa sita, shukuru. Nne zilizobaki ndizo zitakazokupa tarehe.

Baada ya hapo jiwe husagwa na kuchekechwa, kwa kawaida hadi punje za robo milimita hadi nusu milimita, huoshwa kwa maji safi na kutenganishwa kwa sumaku. Kwa fonolaiti na trakaiti huchaguliwa fuwele za sanidini. Kwa basalti hali ni kinyume: fuwele kubwa za olivini na piroksini huondolewa, kwa sababu zilikua ndani kabisa ya ardhi na huenda zilifungia arigoni ya huko, na unabaki na ule unga laini wa kati ulioganda mwisho, lava ikiwa tayari juu. Kuchagua kwa mwisho hufanywa kwa kibano, punje moja moja, chini ya hadubini. Ni kazi ya kuumiza shingo, na hakuna mashine inayoishinda.

Baadhi ya maabara huosha sanidini kwa asidi ya haidrofloriki ili kuondoa kioo kilichogandia. Usijaribu hilo nje ya maabara yenye vifaa na mtu aliyefundishwa. Asidi hiyo hupenya ngozi hadi mfupani na inaweza kuua.

Hatua ya 6: Kinu na mashine

Hapa unakabidhi. Maabara za arigoni ni chache duniani. Zinazojulikana zaidi ni pamoja na ya Berkeley na ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon huko Marekani, ya SUERC, kituo cha utafiti cha vyuo vikuu huko Scotland, na ya Chuo Kikuu cha Curtin huko Australia. Waandikie kabla hujatuma kitu, ukieleza mwamba, umri unaoukisia na swali lako. Umri unaoukisia ni muhimu kwao, maana ndio unaoamua sampuli ikae kinuni saa ngapi: changa hukaa muda mfupi, za kale muda mrefu.

Punje hufungwa kwa jaribosi ya alumini na kupangwa katika visahani, na katikati yake huwekwa punje za jiwe la rejea lenye umri unaojulikana. Linalotumika zaidi ni sanidini ya Fish Canyon, kutoka Colorado, yenye takriban miaka milioni 28.2. Zikitoka kinuni huachwa kwa wiki kadhaa ili mionzi ipungue. Kisha huingizwa kwenye ombwe, hupashwa moto kwa leza au tanuri, gesi inayotoka husafishwa, na spektromita ya masi huhesabu isotopi tano za arigoni, yaani atomi zake za uzito tofauti, kuanzia 36 hadi 40. Kila moja ina kazi yake. Ya 40 ndiyo iliyozaliwa na potasiamu, ikichanganyika na ya hewa. Ya 39 inawakilisha potasiamu. Ya 37 inaonyesha kalsiamu, ambayo nayo hutengeneza arigoni ya kupotosha na lazima itolewe. Ya 38 huonyesha hasa klorini. Ya 36 ndiyo inayotufichulia hewa.

Hatua ya 7: Fanya hesabu mwenyewe

Ripoti italeta umri uliokwisha kuhesabiwa. Uhesabu tena kwa kikokotoo chako. Chukua mfano huu wa namba za kujifunzia, baada ya masahihisho ya kalsiamu: arigoni-40 ni 100, arigoni-39 ni 21.13, arigoni-36 ni 0.25.

Katika hewa, uwiano wa arigoni-40 kwa arigoni-36 ni 298.56. Zidisha 0.25 kwa 298.56, unapata 74.64. Hiyo ni arigoni ya hewa. Toa kwenye 100, inabaki 25.36, na hiyo ndiyo iliyozaliwa ndani ya jiwe. Gawanya 25.36 kwa 21.13, unapata 1.2. Tuite F.

Sasa jiwe la rejea. Kasi ya kuoza, λ, ni 5.543 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka. Kwa miaka milioni 28.2, kikokotoo kitakupa e^(λt) − 1 = 0.015754. Kama F ya punje za rejea zilizokaa jirani na sampuli yako ni 15.754, basi J, kipimo cha nyutroni zilizozipata punje kinuni, = 0.015754 ÷ 15.754 = 0.001.

Umri = (1 ÷ λ) × ln(1 + J × F) = ln(1.0012) ÷ (5.543 × 10⁻¹⁰), yaani takriban miaka milioni 2.16.

Ona kwamba katika mfano huu robo tatu ya gesi ilikuwa ya hewa. Kwa basalti changa za kwetu hilo ni la kawaida, na ndiyo sababu kosa dogo katika kupima arigoni-36 huyumbisha umri mzima. Jiwe lililooza hunyonya hewa zaidi. Hapo unaona kwa namba kwa nini nilikukalisha mtoni Kiwira muda mrefu vile.

Hatua ya 8: Soma grafu kabla ya kuamini namba

Unga wa basalti hupashwa moto kwa hatua, joto likipandishwa kidogo kidogo, na kila hatua hutoa umri wake. Ukipanga umri huo kwenye grafu, unatafuta sehemu iliyonyooka. Kanuni inayokubalika na wengi ni hatua tatu au zaidi zinazofuatana, zenye umri unaolingana ndani ya kosa la kipimo, na zenye angalau nusu ya arigoni-39 yote. Maabara nyingine hudai zaidi ya nusu, nami niko upande wao.

Grafu inayopanda ngazi kwa ngazi kutoka umri mdogo kwenda mkubwa inaonyesha jiwe lililopoteza arigoni, ama kwa kuoza ama kwa kupata joto tena. Inayoanza juu, ikashuka katikati na kupanda tena mwishoni, mara nyingi ni arigoni ya ziada. Umri wa kule chini uchukulie kuwa kikomo cha juu tu. Inayoteremka mfululizo kwenye mwamba wa punje laini huenda imetokana na arigoni-39 kurushwa nje ya punje zake wakati wa kupigwa nyutroni.

Kisha dai grafu ya pili, ya mstari wa umri mmoja, inayopanga arigoni-36 kwa arigoni-40 dhidi ya arigoni-39 kwa arigoni-40. Mstari ukikata mhimili wima karibu na 0.00335, ambayo ni 1 gawanya kwa 298.56, gesi iliyonaswa mwanzoni ilikuwa hewa ya kawaida na hesabu yako ina msingi. Ukikata chini zaidi ya hapo, kuna arigoni ya ziada, na umri wa mstari huu ndio wa kuchukua.

Kwa sanidini punje hupimwa moja moja. Panga majibu yote. Kundi kubwa la umri mmoja ndilo mlipuko; punje mbili tatu zilizo za kale kuliko nyingine ni wale wageni niliowataja.

Hatua ya 9: Kuandika umri

Usiandike "lava hii ina miaka milioni 2.16" ukaishia hapo. Andika umri, kosa la kipimo na kiwango chake (sigma 1 au 2), dini au unga uliopimwa, idadi ya hatua au punje zilizotumika na zilizoachwa, jiwe la rejea na umri liliopewa, thamani ya λ, na uwiano wa arigoni ya hewa. Ripoti za zamani zilitumia 295.5 kwa hewa, na Fish Canyon imepewa umri tofauti miaka tofauti. Tarehe ya miaka milioni 8.6 iliyohesabiwa kwa rejea ya milioni 28.02 huongezeka kwa takriban miaka 55,000 ukiihesabu upya kwa milioni 28.2. Kabla ya kusema lava yako ni changa au kongwe kuliko ya mtafiti mwingine, weka tarehe zote mbili kwenye rejea moja.

Kile kipande cha ushahidi kipeleke kwenye hifadhi ya miamba ya chuo chako au ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma, kikiwa na namba yake na nakala ya ukurasa wa daftari. Nakala nyingine ya majibu, ukurasa mmoja wa Kiswahili, irudishe ofisi ya kijiji ulikochukua jiwe. Yule mzee aliuliza.